Hivi Microsoft walishtakiwa kwa kosa gani hasa, kutoa brauza bure?

Mgeni wa Koding:
Wakuu habari zenu. Naomba mnielekeze kitu maana nimekisoma juu juu na bado hakijaniingia. Ile kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft ya 1998 kila mtu anaisimulia hivi: Netscape walikuwa na brauza yao wanaiuza, Microsoft wakaja na Internet Explorer (IE) wakaitoa bure ndani ya Windows, Netscape wakafa, serikali ikashtaki. Haya, sasa kosa liko wapi hapo? Mi nauza kitu, we unakigawa bure, wateja wanahamia kwako, si ndo biashara yenyewe? Mteja amefaidi, hajatoa hata senti. Na leo kila brauza ni ya bure, hakuna anayelalamika.

Siwatetei Microsoft, sina hisa kwao wala sina mjomba pale 😀 ila nikisikia neno ukiritimba nataka nioneshwe mtu alifanya nini, sio tu kwamba alikua akawa mkubwa. Kuwa mkubwa sio dhambi jamani. Mwenye kuijua hii kesi anyooshe maelezo, na kama kuna zilizotangulia pia tupia humu.

Bisibisi:
Bure ghali mkuu. Nakaa hapa nisubiri wazee waje.

dada_koda:
Mleta uzi swali lako zuri, na utashangaa kwamba hapo kwenye "bure" mahakama ya rufaa iko upande wako. Uamuzi wa tarehe 28 Juni 2001, majaji 7 kwa kauli moja, walisema kutoa brauza bila malipo si kosa la kisheria hata kama anayetoa ndo kahodhi soko. Kwahiyo hiyo hadithi inayosimuliwa kila siku, kwamba waliadhibiwa kwa kugawa bure, imekosewa kuanzia sentensi ya kwanza.

Kosa lilikuwa milangoni. Jiweke 1996, 1997. Brauza inamfikiaje mtu? Kudaunilodi kupitia laini ya simu ni masaa, na laini ikikatika katikati unaanza upya. Kwahiyo zilikuwepo njia mbili za maana, aidha uikute tayari kwenye kompyuta uliyonunua, aidha upewe na kampuni inayokuunganishia intaneti. Microsoft wakaenda wakaziba zote mbili, na waliziba kwa mikataba, sio kwa kutengeneza brauza tamu zaidi.

Kwa watengenezaji wa kompyuta leseni ya Windows ilisema hivi, usitoe aikoni ya Internet Explorer, usiguse menyu, usibadili kinachotokea mashine inapowaka mara ya kwanza. Compaq walijaribu. Mwaka 1996 wakatoa aikoni ya IE kwenye kompyuta zao za Presario na mahali pake wakaweka ya Netscape, mwisho wa Mei wakapokea barua kwamba leseni yao ya Windows inaenda kufutwa. Sasa we ni mtengenezaji wa kompyuta, umeambiwa huna Windows tena, na Windows iko kwenye zaidi ya asilimia 90 ya mashine za aina hiyo, utafanyaje? Walirudisha aikoni. Hiyo ndo Compaq, wakubwa kabisa wakati ule, sasa wale wadogo hata hawakuthubutu kujaribu.

Mlango wa pili ni AOL. Machi 1996 AOL walisaini na Netscape tarehe 11, kesho yake tarehe 12 wakasaini na Microsoft, na huo wa pili ndo uliokuwa na uzito, maana Microsoft waliwapa nafasi ya kukaa ndani ya Windows yenyewe na wao AOL wakakubali IE iwe ndo brauza ya wateja wao. Netscape hawakuwa na deskitopu ya kumpa mtu. Wangetoa nini?

Hayo ndo yaliyoitwa kosa, kifungu cha 2 cha sheria ya Sherman ya 1890, kulinda ukiritimba kwa kuwafungia wenzako njia. Kumbuka na hili, ukiritimba uliokuwa unalindwa ni wa WINDOWS, sio wa brauza. Watu wengi hapo ndo wanapotea.

Mgeni wa Koding:
@dada_koda asante sana, nimeanza kuona mwanga. Ila hapo mwisho umeniacha. Kama wanalinda Windows, brauza ya Netscape inawatishia nini? Netscape si inakaa juu ya hiyohiyo Windows? Ni sawa na mwenye nyumba kumwogopa mpangaji.

Mzee wa Disketi:
Kijana mpangaji anaogopwa kama anajenga veranda ambayo mtu anaweza akaishi humo bila kuingia ndani ya nyumba. Hiyo ndo ilikuwa Netscape pamoja na Java, lugha ya kuandikia programu ya kampuni ya Sun. Fikiria programu zote zimeandikwa kukaa ndani ya brauza, basi chini kuwe na Windows, kuwe na Mac, kuwe na Unix, mtumiaji hajali. Windows inakuwa kama betri la tochi, unaweka lolote. Bill Gates, bosi wa Microsoft, aliliona hilo mapema, waraka wake wa tarehe 26 Mei 1995 kwa wakubwa wenzake uliwataja Netscape na hatari hiyohiyo ya kuufanya mfumo wa chini uwe kitu cha kawaida tu. Na wakati huo Netscape hawajamaliza hata mwaka mmoja sokoni, brauza yao ilitoka Desemba 1994.

Lakini mimi niwarudishe nyuma kidogo maana mnaanzia katikati. Hii tabia haikuanza na brauza, sisi tuliokula chumvi na DOS, mfumo wa kuendeshea kompyuta kabla Windows haijatamba, tunakumbuka.

Kulikuwa na DR DOS ya Digital Research, kampuni ya Gary Kildall. Toleo la 5 lilitoka 1990 na lilikuwa zuri kuliko MS-DOS ya Microsoft ya wakati ule, nasema zuri kwa maana lilikuwa linahamishia DOS yenyewe kwenye memori ya juu likakuachia nafasi ya programu zako chini, na nyie vijana mnaokaa na giga 16 hamuwezi kuelewa furaha ya mtu aliyepata kilobaiti 30 zaidi ndani ya zile 640. MS-DOS 5 iliyokuja kujibu ilichelewa mpaka Juni 1991.

Sasa figisu ya kwanza ilikuwa leseni ya kwa kila prosesa. Mtengenezaji analipa Microsoft kwa kila kompyuta anayotoa kiwandani, iwe ina MS-DOS, iwe haina. Ukitaka kuweka DR DOS weka, hakuna anayekukataza, ila utalipa DR na Microsoft utawalipa vilevile. Nani atalipa mara mbili? Hakuna bomu, hakuna vitisho, ni mstari mmoja tu wa mkataba, na ukiusoma haraka unauona kama punguzo la bei. Tume ya biashara ya Marekani ilichunguza kuanzia 1990, mwaka 1993 makamishna wakagawana kura 2 kwa 2 jambo likakwama, wizara ya sheria ikalichukua na Julai 1994 Microsoft wakakubali kuacha mikataba ya aina hiyo. Miaka minne hiyo. DR DOS keshazikwa.

Figisu ya pili ndo tamu. Mwisho wa 1991 Microsoft walisambaza toleo la majaribio la Windows 3.1. Ukiliwasha juu ya MS-DOS linawaka bila neno. Ukiliwasha juu ya DR DOS linakutolea ujumbe kwamba kuna hitilafu, sio ya kuua, namba fulani, tafadhali wasiliana na msaada wa toleo la majaribio, bonyeza Enter kutoka au C kuendelea. Na ukibonyeza C linaendelea kufanya kazi vizuri kabisa! Hitilafu gani hiyo inayopona kwa herufi moja?

Jamaa mmoja Geoff Chappell akaifumua ile kodi (msimbo wa programu, sio kodi ya serikali), na Andrew Schulman akaiandika kwenye jarida la Dr. Dobb's 1993. Wakakuta kipande kinachochungulia ndani ya DOS kuangalia kama ni ya Microsoft au la, na kipande chenyewe kimefichwa kwa kusimbwa, kinajibadilisha kinapoendeshwa, na kina mitego ya kumvuruga anayekifuatilia kwa dibaga, yani programu ya kupitia kodi hatua kwa hatua. Ndani yake kuna herufi AARD, ndo jina kililobaki nalo. Sasa niambie wewe unayeandika programu, ukaguzi wa kawaida wa usalama unauficha wa nini? Mtu anayekagua tairi za gari hafichi mkono.

Kwenye toleo la kuuza ujumbe ulizimwa ila kodi yenyewe waliiacha humohumo. Caldera walioinunua DR DOS 1996 walishtaki, na Januari 2000 wakamalizana nje ya mahakama, kiasi kikafichwa, kikaja kujulikana 2009, dola milioni 280.

Mtata Halisi:
Mzee umesimulia vizuri na hiyo AARD siitetei, ile ni fitina wazi. Ila kwenye Netscape tusifanye kama walikuwa malaika waliouawa usingizini. Mimi nilikuwepo. Brauza yao, Navigator ya 4, ilikuwa nzito, inaganda, ukibadilisha ukubwa wa dirisha inapakia ukurasa upya kama imesahau ilikuwa inafanya nini. Alafu wakaamua kutupa kodi yote waandike upya, la 5 halikutoka kabisa, la 6 likatoka Novemba 2000 na halikuwa limeiva. Miaka mitatu na zaidi umekaa jikoni huku mwenzako anatoa IE 4, IE 5, kila moja imeishinda ya jana, halafu useme umeonewa? IE 5 ilikuwa brauza nzuri jamani, semeni ukweli wenu.

Na kesi yenyewe iliishia wapi? Jaji Jackson aliyeisikiliza mwanzo aliamuru Juni 2000 kampuni igawanywe mbili, rufaa ikaitupa amri yake na yeye mwenyewe akatolewa kwenye kesi kwa kuongea na waandishi wa habari pembeni huku kesi inaendelea. Madai ya kwamba walijaribu kuhodhi soko la brauza yalifutwa. La kuunganisha IE na Windows likarudishwa likapimwe upya na serikali ikaliacha. Wakaishia kwenye makubaliano. Yani mlima umezaa panya. Aliyekuja kuipiga IE ni Firefox na baadaye Chrome, sio jaji.

dada_koda:
@Mtata Halisi sikupingi kuhusu Navigator 4, nani asiyeikumbuka 😂. Lakini angalia mpangilio wa tarehe zako mwenyewe. Barua ya Compaq ni 1996, mkataba wa AOL ni 1996, wakati huo Netscape bado wana brauza nzuri na sehemu kubwa ya soko. Januari 1998 wakalazimika kuitoa bure, yani chanzo cha mapato kimekauka. Timu inayokosa pesa na njia ya kumfikia mteja inaanza kufanya maamuzi ya ajabu, sishangai. Kukimbia vibaya ni kosa lako, ila kama mwenzako alikuwa amekukanyaga kamba ya kiatu tangu mwanzo hayo ni mambo mawili na yote ni ya kweli.

Kuhusu "IE ilikuwa nzuri", ndiyo, ilipokuwa na mtu wa kushindana naye. IE 6 ilitoka Agosti 2001. IE 7 ilitoka lini? Oktoba 2006. Miaka mitano brauza iliyokuwa karibu kila mahali haikupata toleo jipya, na mimi nimeanza kazi ya kutengeneza tovuti kipindi hicho, nimelia na mpaka leo nikiona picha ya PNG yenye kivuli cha kijivu nyuma nashtuka. @Mgeni wa Koding ulisema mteja amefaidi hajatoa senti, gharama ya mteja ilikuwa hiyo miaka mitano.

Mzee wa Disketi:
Na Mtata usisahau vituko vya mahakamani. Februari 1999 Microsoft walileta video kuonesha kwamba ukitoa IE kwa programu ya profesa Felten wa Princeton, Windows inazorota. David Boies, wakili wa serikali, akaisimamisha video akamwonesha Allchin wa Microsoft kichwa cha dirisha kinachobadilika katikati ya kile kilichodaiwa ni mashine moja. Zilikuwa zimechanganywa picha za mashine tofauti. Wakili mzuri anasoma mpaka kichwa cha dirisha.

Pia IBM. Leseni yao ya Windows 95 walipewa dakika 15 kabla ya uzinduzi wenyewe, tarehe 24 Agosti 1995, kwa sababu walikataa kuachana na OS/2, mfumo wao ulioshindana na Windows, na SmartSuite, programu zao za ofisi. Wenzao wote kompyuta zenye Windows 95 ziko tayari.

Bisibisi:
Nimesoma yote nimechoka ila nimefurahi. Niongeze la kwangu dogo, sio la hao.

Ofisi niliyokuwa natengeneza kompyuta walikuwa na programu ya uhasibu ya kampuni moja kubwa kwenye hiyo fani, siitaji. Kila mwaka leseni inapanda, bosi akasema tuhame, kuna nyingine nzuri ya bei nafuu. Ile nyingine ilikuwa na kitufe cha kusoma faili za ile kubwa, nikajaribu, data za miaka yote zikaingia safi, tukapanga kuhama mwisho wa mwezi. Wiki mbili kabla ikaja apudeti ya ile kubwa, nikaiweka kama kawaida. Nikafungua ile ndogo nisome faili, haisomi. Fomati imebadilika. Nikatafuta kwenye maelezo ya apudeti kilichobadilika ni nini, yameandikwa maneno mawili, maboresho ya uthabiti.

Nikapiga simu msaada, dada wa watu mpole kweli, akanambia unaweza kutoa data kwa PDF. PDF! Miamala ya miaka sita kwa PDF. Tulibaki palepale, na bosi mpaka naondoka aliamini ile programu ndogo ndo mbovu, mana ndo iliyotoa ujumbe wa kosa kwenye skrini. Sasa nimesoma hiyo ya AARD nimekaa kimya dakika nzima.

dada_koda:
@Bisibisi hapo kwenye bosi ndo umegusa penyewe. Anayefanya zengwe haonekani, anayeonekana mbovu ni aliyefanyiwa. Opera, kampuni nyingine ya brauza, walipata hiyohiyo. Tovuti ya MSN ilikuwa inawatumia Opera 7 faili la mitindo tofauti na la IE, na ndani yake kuna marjini ya kushoto ya hasi pikseli 30. Yani maandishi yanasukumwa kushoto mpaka yanatoka nje ya mahali pake. Mtumiaji anaona nini? Anaona Opera imeharibika. Hana namna ya kujua kwamba seva imemtambua ikampa nguo iliyokatwa vibaya makusudi au kwa uzembe, chagua mwenyewe. Opera walijibu kwa utani, Februari 2003 wakatoa toleo maalum ambalo ukifungua MSN maneno yote yanageuka kuwa lugha ya yule mpishi wa Kiswidi wa kwenye vikaragosi, bork bork bork. Tovuti nyingine zote ziko sawa, MSN tu.

Alafu Desemba 2007 wakaacha utani wakaenda kulalamika Tume ya Ulaya. Ndo likaja lile dirisha la kuchagua brauza kwa watumiaji wa Windows wa Ulaya, makubaliano ya Desemba 2009. Na hata hilo kwenye Windows 7 SP1 likapotea, Microsoft wakasema ni kosa la kiufundi, Machi 2013 wakatozwa yuro milioni 561. Mtata anasema mlima umezaa panya, huko Ulaya panya walikuwa wanono. Ile ya 2004 ya Media Player na siri za kuunganisha seva ilikuwa yuro milioni 497, na 2008 wakaongezewa 899 kwa kuchelewa kutii, rufaa ikaipunguza ikawa 860.

Mtata Halisi:
Sawa nakubali faini zilikuwepo. Ila kwa kampuni ile faini ni gharama ya kufanya biashara, unalipa unaendelea. Na hiyo Windows XP isiyo na Media Player waliyoamriwa kuuza, nani aliinunua? Bei ileile imepungua kitu. Hapo Ulaya walijifurahisha.

dada_koda:
Hiyo XP N sina utetezi 😂 ilidoda. Lakini lile la siri za seva lilizaa matunda, Samba, programu huria ya kuunganisha mashine zisizo za Windows na za Windows kwenye mtandao, walipata nyaraka za itifaki wakaweza kuongea na mashine za Windows bila kubahatisha. Kwahiyo ukiamuru mwenye ngome atoe bidhaa pungufu unapoteza muda, ukiamuru afungue lango kuna kitu kinapita.

Na Chrome unayoisifia hebu ifuatilie ilipofika. Agosti 2024 jaji Amit Mehta alisema Google wamevunja kifungu kilekile cha 2 kwenye utafutaji, kwa kulipa wenzao wawe chaguo la kwanza, dola bilioni 26.3 kwa mwaka 2021 peke yake. Uamuzi wake umeegemea sana ule wa Microsoft wa 2001.

Mgeni wa Koding:
Nimepata zaidi ya nilichokuja kutafuta, shukrani kwenu wote. Sasa naona nilikuwa naangalia bei nisiangalie mlango. Na nimekumbuka Windows 11 ilivyotoka 2021, kubadili brauza ya msingi unachagua kwa kila aina ya faili moja moja, htm peke yake, html peke yake, http, https, mpaka 2022 ndo wakarudisha kitufe kimoja. Nilidhani ni ubunifu mbaya tu.

@Mzee wa Disketi swali la mwisho, hiyo AARD bado inaonekana kwenye Windows 3.1 ya kuuza? Nina disketi zake za kale nimezipata kwenye boksi.

Mzee wa Disketi:
Imo. Fungua WIN.COM kwa dibaga, ila uwe mvumilivu maana itakupinga. Na kabla ya yote nakili hizo disketi leo, usingoje kesho, zile zinaoza.